Vita vya Sengondo na Nyigu

Kale na kale!

Itikieni: Ndiko tulikotoka!

Kale na kale!

Ndiko tulikotoka!

Vyema. Zamani za nyuma ya zamani, mawe ya milima hii ya Upare yalipokuwa bado laini, hata mtu akikanyaga jabali aliacha unyayo wake, paliishi mume na mkewe. Mume aliitwa Sengondo, kwa kuwa alizaliwa wakati wa vita. Mke aliitwa Namkunda. Walikuwa na binti, Nanzia, na mdogo wake wa kiume, Mbonea, aliyekuwa bado ananyonya.

Nanzia alikuwa mtoto wa kuuliza. Ukutani, juu ya kitanda chake, palikuwa na nyigu mweusi mwenye kiuno kama uzi. Nyigu yule alikuja na udongo mdomoni, akabandika, akaenda. Akaja, akabandika, akaenda.

"Mama, anajenga nini?"

"Nyumba ya watoto wake."

"Mbona hasaidiwi?"

"Huyo hujenga peke yake. Usimguse, naye hatakugusa."

Basi Nanzia akalala chini ya nyigu yule kila siku, wala hakuumwa. Mmenisikia, wajukuu zangu? Wala hakuumwa.

Siku moja mama na binti walikwenda kutafuta kuni karibu na mfereji. Njiani palikuwa na kisiki kikubwa kilichooza ndani. Nanzia akakanyaga kisiki apande juu. Lo! Wakatoka mavu. Wakubwa, wekundu, wanaovuma kama maji ya poromoko. Wakamfunika mtoto. Namkunda akajitupa juu yake, wakamwingia kwenye nywele, wakamuuma shingoni na mikononi. Akambeba mwanawe mbio mpaka nyumbani. Lakini koo la Nanzia lilikuwa limeshavimba, na kabla jua halijatua, mtoto alikuwa amekata roho.

Nyamazeni kidogo. Hata sisi tusiomjua tumnyamazie.

Baada ya maziko Sengondo hakulia. Alikaa matanga macho makavu. Watu walipotawanyika, alisimama akasema, "Kuanzia leo, kila mwenye kiuno chembamba ni adui yangu."

Akaanza vita. Akabomoa kijumba cha udongo cha nyigu mweusi ukutani, akakisaga kwa kisigino. Akaenda kwenye migomba, akachoma. Akaenda kwenye ua wa jirani, akachoma. Kila alikoona nyigu alichoma, na watu walimwacha, kwa maana nani atamkataza mfiwa?

Mwishowe akarudi kwake. Chini ya upenu wa paa, juu ya mlango, palining'inia kiota cha nyigu wa hudhurungi, chepesi kama ganda la kitunguu, kimeshikwa na kikonyo kimoja tu. Sengondo akafunga mwenge wa majani makavu ya mgomba. Namkunda akasimama mlangoni.

"Hawa sio," akasema.

"Sio nani?"

"Sio waliomuua. Wale ni wakubwa, wekundu, wanakaa kisikini. Nilikuwa nao kichwani, nawajua. Hawa tumepita chini yao tangu masika. Wewe, mimi, na yeye."

"Nyigu ni nyigu."

"Basi na mtu ni mtu? Mtu wa bonde lile akikuulia ndugu, utamchoma jirani yako?"

Sengondo akamtazama mkewe, akatamka neno ambalo lingekuwa heri libaki tumboni. Akasema, "Unawalinda waliomla mwanao."

Ee wajukuu zangu, kuna neno mtu akilisema haliokoteki.

Namkunda akageuka. Akachukua kibuyu chake akashuka mferejini, kuteka maji na kulia mahali asipoonekana. Mbonea alikuwa amelala ndani. Sengondo hakujua. Alidhani mtoto yuko mgongoni mwa mama yake.

Akawasha mwenge, akauinua. Kiota kikashika moto. Na nyasi za paa nazo zikashika! Upepo wa mlimani ukazipuliza, puu, paa zima likawaka. Ndipo akasikia sauti ndani: nga! nga! nga!

"Mbonea!"

Akaingia. Nyigu waliosalia wakamvaa usoni, moto ukamvaa mgongoni, naye akapapasa moshini mpaka akamshika mwanawe. Akatoka akamlaza kwenye majani. Mtoto alikuwa mzima, nywele zimeungua upande mmoja. Lakini mikono ya Sengondo ilikuwa imechunika.

Namkunda alipokuja mbio, alimkuta mumewe amepiga magoti, na nyumba inaanguka nyuma yake.

"Mama Nanzia," Sengondo akasema. Tangu maziko hakuna aliyekuwa ameligusa jina lile. "Mama Nanzia, mwanetu nusura nimuue kwa mkono wangu."

Hapo akalia. Akalia kilio alichokizuia siku zote. Namkunda akakaa kando yake, akammwagia maji mikononi, na yeye akalia naye.

Wanaukoo wakawajengea nyumba nyingine. Ukuta haujakauka vizuri, nyigu wa hudhurungi wakaja, wakaanza kiota kidogo kama kikombe pale pale juu ya mlango. Sengondo akawaona. Akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita mkewe.

"Hawa ni wepi?"

"Ni wale wa paa. Ukitikisa boriti watakuuma. Usipotikisa, hawana habari nawe. Waangalie wanachobeba."

Akaangalia. Wakaja na viwavi wa kijani, wale wale wanaotafuna maharage shambani, wakawalisha watoto wao. Sengondo akahamisha kinu kutoka mlangoni akakipeleka nyuma ya nyumba, mtwangio usitikise ukuta. Akawaambia watoto wa jirani, "Hapa hapatupwi mawe."

Na mavu wa kisikini? Hao hawakusamehewa, kwa maana watoto walipita pale. Alfajiri ya baridi, mavu wakiwa wameganda hawawezi kuruka, Sengondo na Namkunda walikwenda pamoja wakaziba tundu kwa udongo mzito. Mikono ya Sengondo ilikuwa haijapona sawasawa, kwa hiyo mke ndiye aliyekanda, na mume akaelekeza kidole: pale, na pale, na pale. Walipomaliza walikaa kwenye majani yenye umande mpaka jua likawapata.

Wajukuu zangu, uchungu ni kipofu. Ukikushika, usiupe mwenge. Mtafute mwenye macho akushike mkono, na kabla ya kupiga muulize: huyu ni yupi?

Kisa nimekitua hapo. Atakayekibeba akibebe kizima, asikimege njiani.