Kwa Nini Kome Hutoboa Chaza

Zamani hizo kome hakubeba nyumba mgongoni. Nyumba ilikaa pale ilipojengwa, kama nyumba ya mtu yeyote mwenye akili, na mwenyewe akitoka aliiacha.

Bi Kome na Bi Chaza walikuwa wake wenza, mume wao Kaa. Kaa hakuwa na kwake; alilala kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kome alikuwa na nyumba nzuri yenye mizunguko, inayong'aa, lakini moyo wake haukutulia, maana mwenzake alikuwa na mazoea ya kufunga milango yake yote miwili. Bahari ikichafuka, amefunga. Ikiwa shwari, amefunga.

"Mtu hafungi mlango bure," Kome alisema, na wivu ukazidi kumla.

Siku moja, zamu ikiwa ya Kome, Kaa alichelewa. Kome hakungoja. Alikwenda mbio, kwa mbio zake hizo mnazozijua, mpaka kwa Chaza.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mwenzio. Nifungulie."

"Leo sijiwezi, dada. Njoo kesho."

Basi, Kome akajua amemfumania. Ulimi wake ulikuwa mkali tangu hapo. Akauweka ukutani akakwangua, akakwangua, mpaka likatokea tundu la mviringo. Akachungulia. Chaza alikuwa peke yake, amelala, anatetemeka kwa homa. Mchanga ulikwisha kuanza kumiminika tunduni, na mgonjwa hakuwa na nguvu ya kuuzuia. Akafa, mwenzake akitazama.

Kome aliporudi, alimkuta Kaa ameketi ndani.

"Zamu ni yako, nimekuja, nawe hupo," Kaa alisema. "Na huo unga mweupe ulimini umetoka wapi?"

Kome akauficha ulimi. Kaa akaenda kwa Chaza, akaliona tundu. Alirudi akampa talaka palepale mlangoni, akaapa kwamba nyumba ile hataingia tena mwenye nyumba akiwa hai.

Na tangu siku hiyo Kome amejitwika nyumba yake, haiachi hata hatua moja. Hutambaa mchangani akimtafuta mumewe, na kila chaza aliyefunga milango humtoboa tundu moja, akachungulia. Makombe hayo yenye tundu wanawake huyaokota maji yakipwa, watoto wakayatunga uzi.

Kaa naye hajavunja kiapo. Ukimkuta ndani ya nyumba ya kome, jua mwenyewe ameshakufa.