Mama Desimali na Neno Njaa

Ofisi ya Takwimu ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti yake ilikuwa imekufa miaka mingi hata watumishi wakazoea kutundika makoti mlangoni pake. Mkurugenzi wa ofisi hiyo, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, alizipanda ngazi kila asubuhi bila kupumzika. Alikuwa mchumi aliyebobea, mwenye shahada tatu na ulimi usiojua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Watumishi walimbandika jina la Mama Desimali, kwa sababu aliwahi kumrudishia naibu wake ripoti ya kurasa mia mbili kwa kuwa nukta moja ilikaa pasipo pake.

Mwaka huo mvua zilikosekana misimu miwili. Sheria ilikuwa wazi: mkurugenzi akiandika neno "njaa" katika ripoti yake, maghala ya serikali sharti yafunguliwe ndani ya siku kumi na nne. Asipoliandika, haitoki hata punje. Wapimaji wake walikwenda vijijini wakazungushia utepe mikono ya watoto wadogo. Mkono ukiwa chini ya sentimita kumi na moja nukta tano, mtoto huyo yumo hatarini. Mikono ya namna hiyo ilikuwa mingi mno. Mama Desimali hakusitasita. Aliandika: njaa.

Waziri akamwita ofisini kwake, penye zulia zito na kiyoyozi kilichonguruma.

"Mama, ripoti yako nzuri sana. Neno moja tu ndilo linanikwaza."

"Lipi, Mheshimiwa?"

"Hilo la ukurasa wa kwanza. Mimi nimeshatangaza kwamba maghala yamejaa na ziada tunawauzia majirani. Wewe unaniletea njaa! Andika 'changamoto ya lishe'. Linasikika vizuri."

Changamoto! Siku hizo neno hilo lilikuwa blanketi la kufunikia kila uozo. Daraja likianguka, changamoto. Dawa zikiisha hospitalini, changamoto. Sijui mwizi angemvamia waziri nyumbani kwake, angepiga kelele gani.

"Mheshimiwa, changamoto haifungui ghala," alijibu Mama Desimali. "Na mtoto aliyeshinda siku mbili bila kula hana changamoto. Ana njaa."

"Hicho kiti unachokalia unajua ni cha nani?"

"Ni cha wananchi. Nami nimekikalia kwa adabu."

Ijumaa barua ilifika. Uteuzi wake ulikuwa umetenguliwa "kwa manufaa ya umma". Mlinzi aliyemsalimu kwa miaka tisa alikipokea kitambulisho chake huku akitazama viatu. Naibu wake, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi tangu kushika kalamu, alikaa kitini kabla hakijapoa, akaandika "changamoto". Mama Desimali alizishuka ngazi zile akiwa amekumbatia boksi la vitabu vyake. Alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli. Aliogopa pia, kwa maana aliijua hesabu ile kuliko wote: kila wiki iliyopita bila ghala kufunguliwa ilikuwa na makaburi yake, na makaburi hayo yalikuwa mafupi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alimwona akiingia mchana, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza. Sina ofisi, baba watoto. Sina gari, sina wapimaji, sina hata muhuri."

"Basi sasa tuko wawili tusio na bosi," alisema mume. "Niambie utepe wako unawekwa alama wapi. Nitakushonea mia kabla ya Jumatatu."

Wifi yake, muuguzi mstaafu mwenye maneno makali kama pilipili, alikuwa amekaa pale akingoja gauni lake. "Wifi yangu, nimepima watoto miaka thelathini na miwili," alisema. "Hao waliokunyang'anya kiti wamesahau kuninyang'anya macho. Tunaanza lini?"

Walianza wiki iliyofuata. Wauguzi wastaafu, wakunga na walimu waliokuwa likizo walijiunga, shirika la hisani likasajiliwa, na ofisi yake ikawa benchi la kusubiria wateja wa cherehani. Majirani walicheka kwamba mama wa watu anatapatapa. Yeye alitia pamba masikioni. Kwa wiki tano walitembea vijiji sitini na kimoja, wengine kwa baiskeli, wengi kwa miguu.

Katika kijiji kimoja alimfunga utepe mtoto aliyekuwa mwepesi kama kapu tupu. Mama yake, binti mdogo tu, alitazama kwa matumaini makubwa.

"Hii dawa anafungwa siku ngapi, mama?"

"Si dawa, mwanangu. Ni ushahidi."

"Ushahidi unaliwa?"

Mama Desimali aliufungua utepe taratibu. Aliona haya mbele ya yule binti, haya ambayo waziri hakuwahi kumtia. Siku hiyohiyo aliandika barua kwa kamati ya Bunge, akidai asikilizwe, na akaongeza kwamba asipoitwa angekuja hivyohivyo na kuketi mlangoni.

Aliitwa. Waziri alikuwapo, na naibu wa zamani, ambaye sasa ndiye mkurugenzi, alikuwa pembeni yake.

"Mwenyekiti, huyu mama anazungumza kwa cheo gani?" waziri alifoka. "Alishatenguliwa!"

"Kwa cheo cha mtu aliyepima," alijibu. Akaweka karatasi mbili mezani. "Kijiji kimoja, mtoto yuleyule. Ripoti ya serikali inasema mkono wake ni sentimita kumi na mbili. Mimi nimepima kumi na moja nukta mbili. Mtoto anayeshinda njaa hanenepi kwenye karatasi ila amenenepeshwa. Muulizeni mkurugenzi wenu, nukta yangu ameipeleka wapi?"

Naibu alijifuta jasho. "Niliambiwa nipandishe kila kipimo hadi namba nzima ya juu yake."

"Na nani?" mwenyekiti aliuliza.

Naibu alimtazama waziri, na ukumbi mzima ukayafuata macho yake.

Jioni ile kamati iliamuru neno njaa lirudishwe katika ripoti na maghala yafunguliwe kesho yake, pasipo kungoja siku kumi na nne. Mwenyekiti akamgeukia Mama Desimali kwa sauti ya upole. "Mama, tutapendekeza urudishiwe kazi yako."

"Kazi ninayo, Mwenyekiti. Mlichukua kiti. Mpeni mnayemtaka, mradi ajue kuandika kweli. Mimi nina watoto elfu nane wa kupima tena mwezi ujao, nione kama hayo mahindi yamewafikia. Yasipowafikia, nitarudi hapa, na sitabisha hodi."

Akatoka, hana kitambulisho wala muhuri, na waliodhani wamemkomesha wakabaki wakitazamana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.