Mtambo wa Nne

Wapendwa, alikuwepo fundi mmoja wa redio za upepo, zile za kuitana na kujibizana. Redio zote za magari ya wagonjwa wilayani kwake zilipita mkononi mwake, na kila aliyoipima aliibandika stika nyekundu yenye jina lake. Jamani, alivyoionea fahari stika ile!

Mezani alikuwa na mitambo mitatu ya kupimia masafa, yote ikisoma namba moja mpaka tarakimu ya mwisho. Akija mgeni, aliiwasha kwa mpigo, akakunja mikono kifuani.

"Jionee mwenyewe. Mitatu, neno moja!"

Ulikuwepo na wa nne, uliojirekebisha kwa saa za setilaiti kupitia antena ya juu ya paa. Huo kila siku ulipishana kidogo na wenzake. Fundi aliuvumilia wiki moja, akaung'oa, akautupa stoo. "Mkorofi mkubwa huyu," alisema.

Redio zake zilisikilizana vizuri mno, zenyewe kwa zenyewe. Lakini gari likivuka kwenda wilaya jirani, sauti ilifika imekwaruzakwaruza. Fundi alicheka: "Wale wa kule hawajui kazi." Mpaka siku moja mama mjamzito alipofikishwa hospitali ya kule bila chumba cha upasuaji kuandaliwa, kwa sababu redioni hawakuelewana. Alipona kwa neema tu. Malalamiko yakapelekwa, akatumwa mkaguzi. Kosa likionekana ni la fundi, stika yake inafutwa, haruhusiwi kupima redio tena.

Mkaguzi, mama mtu mzima, aliitazama mitambo.

"Fundi, huu wa tatu uliurekebisha kwa kufuata upi?"

"Wa pili, mama."

"Na wa pili?"

"Wa kwanza."

"Na wa kwanza?"

Fundi akatanua kifua. "Huo ndio wa kwanza, mama. Huo haujawahi kufuata kitu!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Kifua kikashuka. Bila kuambiwa, akaenda stoo, akautoa ule mkorofi, akaufuta vumbi kwa shati lake na kuuchomeka kwenye antena. Ulipokwisha kuzipata setilaiti, wakausoma pamoja na kipimo alichokuja nacho mkaguzi. Namba zilifanana. Mitatu ile ilikuwa imepotea kwa pamoja.

Wiki nzima fundi alizunguka gari kwa gari, akibandua stika zake mwenyewe na kupima upya. Mkaguzi hakuifuta stika yake. Na fahari? Alibaki nayo, tena kubwa kuliko ya kwanza, maana safari hii aliistahili.

Na sisi je? Kwaya, wazee, kamati, mimi mchungaji wenu: tunaitikiana vizuri sana humu ndani, na najivunia kanisa hili, sifichi. Lakini tunapimana na nani? Yupo mama mmoja aliyetupinga kikaoni, akatuonyesha Neno linavyosema. Tulimwita nani? Mkorofi. Kiti chake ni kile pale dirishani, kitupu Jumapili ya tano leo.

Tukimaliza ibada nakwenda kwake kuomba radhi. Nani anafuatana nami?