Bibi Nyamizi na Mbwa Aliyetolewa Kabla ya Wakati

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio?

— Tumekuja nayo!

Basi yategeni, maana leo nawapa ngano niliyopewa na bibi mzaa mama, naye alipewa na bibi yake, wala hakuna aliyeipunguza.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na kijiji kilichoegemea kilima cha mawe. Juu ya mawe waliishi nyani. Chini ya mawe waliishi watu. Watu walilima mtama, nyani wakala mtama. Watu wakapiga ngoma, nyani wakacheka: hwa-hwa-hwa! Kitu kimoja tu nyani walikiogopa, nacho ni mbwa. Nyumba isiyo na mbwa, mwaka huo ilikula magugu.

Na mbwa wote wa kijiji kile walitoka ua mmoja, ua wa Bibi Nyamizi.

Bibi Nyamizi alikuwa mama mfupi, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Alikuwa na mbwa jike, rangi ya majivu, jina lake Watasema. Kwa nini Watasema? Kwa sababu siku alipoanza kufuga, majirani walisema: mama mzima ameona watoto wake wamekua, sasa anazaa mbwa! Naye akajibu, "Watasema, watachoka." Jina likabaki.

Mwaka mmoja Watasema akazaa. Akazaa mmoja, akazaa wawili, wakafika sita. Ngwe! Ngwe! Ngwe! Kijiji kizima kikasikia.

Watu wakaja mbio. "Bibi, nipe mmoja." "Bibi, mimi nilitangulia kuomba." "Bibi, nyani wamenimaliza!"

Bibi Nyamizi akasema, "Miezi mitatu iandame. Mwezi wa kwanza ni wa ziwa la mama. Mwezi wa pili ni wa ndugu. Mwezi wa tatu ni wa dunia."

"Wa dunia vipi?"

"Njooni mtazame."

Wakatazama. Wakastaajabu. Bibi alichukua chungu kibovu, akakigonga karibu na watoto wa mbwa: ti! ti! ti! Wakakimbia. Kesho akagonga tena: ti! ti! ti! Wakakimbia kidogo. Keshokutwa akagonga, wakaja kunusa chungu. Akawatembeza juu ya mawe, juu ya makuti, ndani ya tope. Akawaita wazee waje wakohoe karibu nao: kho! kho! kho! Akawaita watoto waje wapige kelele, jambo ambalo watoto hawakuhitaji kuombwa mara mbili.

Watu wakaulizana, "Huyu mama anafuga mbwa au anacheza unyago?"

Na kila aliyeomba mtoto wa mbwa aliulizwa swali moja. Hakuulizwa ana shamba kubwa kiasi gani. Hakuulizwa ana mkuki au hana. Bibi alimtazama usoni, akasema, "Kwenu, nani hula mwisho?"

Swali gani hilo? Watu wakakuna vichwa. Wengine wakasema ni uchawi. Wengine wakasema ni uzee.

Akaja Kabula, mke wa mfinyanzi. Akaulizwa, "Kwenu, nani hula mwisho?"

Kabula akafikiri. "Mama mkwe wangu. Hana meno, hutafuna polepole. Nasi hatunyanyuki mkekani mpaka amalize."

Bibi Nyamizi akacheka. "Wako yupo. Subiri mwezi wa tatu."

Kabula akaondoka amefurahi, lakini hakujua amejibu nini.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa kwanza ulipokuwa umekwisha, na wa pili haujaandama, akaja Jumbe Igembe. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji. Akisimama, watu walikaa. Akikaa, watu walichuchumaa.

Akasema, "Nyamizi, nimekuja kuchukua mbwa."

"Karibu, Jumbe. Kwenu, nani hula mwisho?"

"Mimi hula kwanza. Wa mwisho simjui, wala si kazi yangu kumjua." Akanyoosha kidole. "Nampeleka yule mkubwa, mwenye kifua cheusi."

"Bado hajajua kuuma, Jumbe."

"Ataumia kwangu, atajua! Mimi nataka mkali."

"Mbwa anayejua kuuma ni yule anayejua kutouma. Somo hilo simfundishi mimi. Hufundishwa na mama yake na ndugu zake, na ndilo la mwezi huu unaokuja."

Jumbe akacheka. "Mbwa wana shule!" Akainama, akamkamata yule mtoto kwa ngozi ya shingo.

Bibi Nyamizi akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa peke yake uani, na aliyesimama mbele yake alikuwa Jumbe. Akanyamaza.

Mtoto akaenda analia njia nzima: ngwe! ngwe! ngwe! Watasema akamfuata mpaka penye ua, akasimama pale, masikio mbele. Akakaa mpaka jua likazama.

Mwezi wa tatu ukaisha. Watoto watano wakagawiwa, kila mmoja kwake. Kabula akaja akitaka mkali kuliko wote, Bibi akampa mpole. "Nyumba yako ina kizee na watoto wanaotambaa. Mkali atakuwa mzigo. Huyu anabweka vizuri, na nyani hawaombi zaidi ya hapo." Na kweli, msimu ule nyani walishuka mara moja tu kwenye shamba la mfinyanzi. Wakasikia hu! hu! hu! Wakapanda mawe yao.

Na yule wa kwa Jumbe?

Jumbe alimwita Radi. Akamfunga kwa kamba kwenye nguzo ya ghala, asicheze na mtu, ili awe mkali. Jua likamwakia pale, mvua ikamnyeshea pale. Watu walimpita mbali. Aliyemkaribia ni mmoja tu, Shangazi Wande, dada wa marehemu baba yake Jumbe. Mama huyo aliishi kwenye kibanda nyuma ya ghala. Wakubwa wakishakula, na wake wakishakula, na watoto wakishakula, Shangazi Wande alipewa chungu akwangue. Kwaru! kwaru! kwaru! Ukoko ukitoka, aliukata vipande viwili. Kimoja chake, kimoja cha Radi.

Siku moja ukoko ulikuwa kidogo sana. Shangazi akaukata vilevile, akamnyooshea mbwa kipande chake. Radi alikuwa na njaa ya siku mbili. Akaruka kwa mdomo wazi. Akashika ukoko, akashika na mkono. Hakujua ukoko unaishia wapi na mkono unaanzia wapi. Akauma kwa nguvu zote, maana hakuna aliyewahi kumlilia akamwambia: inauma.

"Yalaaa! Nakufa!"

Kijiji kikajaa uani kwa Jumbe. Damu inatiririka. Jumbe akatoka na mkuki. "Mbwa huyu afe sasa hivi!"

"Afe!" wakasema watu.

"Ngojeni," ikasema sauti nzito.

Alikuwa Bibi Nyamizi. Hakumwendea Jumbe, wala hakumwendea mbwa. Alimwendea Shangazi Wande. Akaomba maji ya moto na chumvi, akauosha ule mkono, akaosha tena, akaufunga kwa kitambaa cha kichwani mwake. Ndipo akageuka, kichwa wazi, mvi zote nje.

"Jumbe, kama mkuki wako unatafuta mwenye kosa, mwenyewe ni mimi."

"Wewe ulikuwapo?"

"Sikuwapo. Lakini nilijua mtoto huyu hajafundishwa, na nikakuacha umchukue. Nilikuogopa. Wote hapa mnanisifu kwamba najua mbwa. Siku ile nilijua, nikanyamaza. Shangazi Wande, mkono wako umeumwa na ukimya wangu. Niwie radhi."

Mkuki ukashuka kidogo.

"Sasa unataka nini?" akauliza Jumbe.

"Nimrudishe kwangu. Aliyetoka ua wangu, ua wangu haumkatai. Akimuuma mtu mwingine, nitamleta mimi mwenyewe mbele ya mkuki wako."

Watu wakanung'unika, lakini Shangazi Wande akasema kwa sauti ndogo, "Mpeni." Wakampa.

Hapo ndipo kijiji kilipotaka kuona. Kila asubuhi watu walichungulia ua wa Bibi Nyamizi. Jicho moja kwenye tundu hili, jicho moja kwenye tundu lile. Mbwa mkubwa atafundishwa vipi?

Bibi alimfungulia kamba, akamwacha na mama yake. Radi akacheza, akauma kwa nguvu. Watasema akalia, ng'ai! Akamgeuzia mgongo, akaenda zake. Mchezo umekwisha. Radi akabaki amesimama, hajui amefanya nini. Leo hivyo. Kesho hivyo. Keshokutwa hivyo. Mtondo akauma kidogo, Watasema akasita. Mtondogoo akauma kama anayeuliza, Watasema akaendelea kucheza.

Na Bibi naye kila siku, akiisha kumshibisha, alitia mkono wake mwenyewe katika kinywa kile. Siku za mwanzo ulitoka na alama. Ukatoka na mikwaruzo. Ukatoka na mate matupu.

Jumbe Igembe naye akaja kuchungulia. Alikuja mara ya kwanza akijificha. Mara ya pili Bibi akamwita, "Jumbe, tundu hilo ni dogo, ingia mlangoni."

Akaingia. Akakaa chini, bila kigoda.

"Nyamizi, lile swali lako. Kwa nini unauliza nani hula mwisho?"

"Kwa sababu mbwa halishwi na mwenye nyumba, Jumbe. Mbwa hulishwa na anayekula mwisho. Kama huyo hashibi, mbwa atashiba nini?"

Jumbe akainamisha kichwa. Akaenda kwake. Chakula kikapakuliwa, akakaa, hakula. Akatazama chungu kinakokwenda. Kikatoka kwake, kikaenda kwa wake, kikaenda kwa watoto, kikazunguka ghala. Akakifuata. Akamkuta shangazi yake, yule aliyembeba mgongoni utotoni, anakwangua kwa mkono mmoja, maana wa pili una kitambaa. Kwaru! kwaru! kwaru!

Jumbe akaketi pale pale chini. Akalia. Tangu siku ile Shangazi Wande alikula pamoja naye, sahani moja.

Miezi miwili ilipopita, Jumbe akarudi kwa Bibi Nyamizi. "Nimemwona Radi. Amekuwa mbwa. Naomba unirudishie."

"Usiniulize mimi. Aliyeumwa ndiye wa kuulizwa."

Akaitwa Shangazi Wande. Akaja, na kijiji nyuma yake. Akakaa mchangani mbele ya mbwa. Kisha akanyoosha mkono, ule ule wenye makovu. Radi akasogea. Akanusa kiganja. Akanusa makovu, moja baada ya moja. Akaushika mkono kinywani, polepole, kama mbwa jike abebavyo mtoto wake. Akauachia.

Shangazi Wande akapumua.

"Wasemaje, Shangazi?" akauliza Jumbe.

"Namchukua mimi," akamwambia Bibi Nyamizi. "Kamba mwachie Jumbe, afungie mbuzi."

Watu wakacheka, hata Jumbe akacheka, machozi yakamtoka. Mama yule akaondoka mbele na mbwa akamfuata, na Jumbe akawafuata wote wawili.

Tangu hapo, katika kijiji kile, mtoto wa mbwa hatoki kwa mama yake kabla ya miezi mitatu. Na aliyeshindwa na mbwa humrudisha alikomtoa bila kuona haya, na hakuna wa kumcheka.

Wanangu, anayetoa kiumbe hajamaliza kazi kwa kukitoa. Na anayejua jambo akanyamaza kwa hofu, asidhani hana hatia.

Hadithi yangu imetua hapo. Mwenye kuipenda aibebe, mwenye kuichoka amwachie jirani.