Mkono Kwenye Kizibo

Hapo zamani, lakini si zamani ya kukosa mashahidi, mwanamke aitwaye Nambua alimwambia mumewe, "Senkondo, shati umelivaa nje ndani."

Senkondo akajitazama. Kweli, mishono yote ilikuwa nje. "Nitalivua huko huko," akasema. "Si naingia majini?"

"Basi ukitoka livae sawasawa," akasema Nambua. Akajitupia khanga begani, wakapanda pamoja kwenda kwenye ndiva.

Hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida kati yao. Yaliyofuata nitawasimulia taratibu, nanyi msikilize kwa makini, maana mwishoni nitawaomba hukumu.

Ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Watu wa milima ya Upare huliacha lijae maji ya kijito usiku kucha, na alfajiri hung'oa kizibo chake ili maji yashuke kwa mfereji mpaka mashambani. Kizibo ni gogo fupi lililovingirishwa majani ya mgomba na kukandikwa udongo. Anayeking'oa husimama majini hadi kiunoni, na akishaking'oa haruhusiwi kuondoka. Hukaa pale kwenye mdomo wa mfereji na kuhesabu mpaka mia, hadi maji yashike njia yake. Akiondoka mapema, kingo zinaweza kubomoka. Mtu wa pili husimama ukingoni na kuwaita kwa sauti wenye zamu, ili huko chini wawe tayari na majembe yao.

Senkondo alikuwa mng'oaji. Nambua alikuwa mwitaji. Walifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Asubuhi ile Senkondo aling'oa kizibo. Nambua akaita, "Mbazi! Mbazi wa chini! Maji—" Sauti ikakatika. Senkondo akadhani mkewe amekaa kupumzika. Akahesabu. Thelathini. Sitini. Mia. Alipotoka majini alimkuta amelala ubavu kwenye nyasi, khanga ingali begani, na pumzi hana. Waliojua habari za maradhi ya moyo walimwambia kwamba hata angetoka majini alipohesabu moja, angemkuta vivyo hivyo. Senkondo aliwashukuru. Hakuwaamini.

Matanga yalipoanuliwa, akarudi kazini. Akaingia majini, akashika kizibo, akageuka kutazama ukingo. Hapakuwa na mtu aliyeanguka. Akashika tena, akageuka tena. Akatoka majini, akapanda ukingoni, akapapasa nyasi kwa kiganja, akarudi. Akashika, akageuka. Siku ya kwanza aligeuka mara nne. Wiki ilipokwisha zikawa mara kumi na moja. Jua likawa linamkuta humo humo, anatetemeka, mkono kwenye kizibo, shingo imeelekea ukingoni. Maji yanayofunguliwa jua likiwa limepanda hayafiki mbali, kwa sababu udongo wa mfereji huyanywa njiani. Mashamba ya juu yalipata. Ya kati yalipata kidogo. Ya chini kabisa, kwa Mbazi, maharage yakaanza kukunja majani.

Na nyumbani kwa Senkondo, juu ya jiko, kilining'inia kibuyu cha mbegu za maharage ambacho Nambua alikuwa amekiziba kwa nta kwa mkono wake. Msimu wa kuzipanda ulifika. Senkondo hakukigusa, wala hakumruhusu mtu kukigusa. Mbegu ikikaa sana hufia ndani ya kibuyu, na alilijua hilo kuliko wengi.

Kikao cha mfereji kikaketi. Kwa desturi yao, mng'oaji haondolewi mpaka yule aliyekosa maji amshitaki kwa kinywa chake. Wote wakamgeukia Mbazi.

"Mbazi, sema."

Mbazi akakuna kidevu. "Nasema tumpe mpaka mwezi mpya."

"Maharage yako yanakufa!"

"Nayaona. Nikimsukuma leo, badala ya kugeuka mara kumi na moja atageuka ishirini."

"Na utakula nini?"

"Nitakula kwako. Si wewe ndiye unayepata maji?"

Wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichompa Senkondo siku ishirini na tatu. Akasimama. Kung'oa kizibo ilikuwa kazi pekee aliyowahi kuifanya pamoja na mkewe. Akinyang'anywa, aliona atakuwa amemzika mara ya pili. Akasema, "Atakayeufungua mkono wangu, kibuyu cha Nambua ni chake." Wote walijua anachokitoa.

Wa kwanza wa watatu waliokuja kukidai kibuyu hicho, basi, ni huyu Mbazi. Baada ya kikao hakulifungua tena shauri hilo. Kila alfajiri alisimama na jembe penye mdomo wa shamba lake mkavu, kama mtu anayetazamia maji. Kila jirani aliyepita na kumwambia, "Kashitaki," alimjibu, "Bado." Wiki ya pili akang'oa maharage yaliyokauka, akawapa mbuzi. Alfajiri iliyofuata akasimama tena pale pale na jembe lake.

Wa pili ni Nakiete, mdogo wake Nambua. Tangu msiba, hapakuwa na aliyekubali kusimama ukingoni kuita. Watu walisema mahali pale ni pazito. Siku moja Senkondo aligeuka kutazama ukingo, na tazama, kuna mtu.

"Shemeji," akasema Nakiete, "unafungua maji au unaoga?"

"Rudi nyumbani, Nakiete."

"Sirudi. Unageuka kutwa kutazama nyasi. Leo nimekuletea sura ya kutazama, na bado unanuna?"

Akaanza kuita majina ya wenye zamu. Sauti yake ilikuwa sauti ya dada yake tupu. Siku hiyo Senkondo aligeuka mara kumi na nne. Kesho yake kumi na nne tena. Nakiete hakuondoka. Kila alipogeukiwa, alipunga mkono.

Wa tatu ni Fundi Kiondo, mnoa mapanga, mtu wa maneno mengi kiasi kwamba watu walikuwa wakimpelekea panga na kwenda zao, wasingoje. Kiondo alikuwa amefanya kazi kwenye reli ya kwenda Zambia, akichimba mahandaki pamoja na Wachina. Alasiri moja alimkuta Senkondo ameketi kando ya ndiva iliyokuwa imeanza kujaa tena, akauweka chini mzigo wa jiwe lake.

"Kulikuwa na Bwana Shu," akaanza, bila hata kusalimu. "Mchina. Tulilala hema moja. Mchimbaji hodari, na alikuwa akiogopa mahandaki kupita sisi wote. Kila siku aliogopa, kila siku aliingia. Nikamwuliza, wewe Shu, unakunywa dawa gani?"

"Akasemaje?"

"Kwao kuna watu wanaofuata kitu wanachokiita Tao, maana yake njia. Nikamwuliza, njia hiyo inakwenda wapi? Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini alinionyesha afanyavyo. Anasimama mlangoni pa handaki. Hofu inakuja. Haifukuzi. Haifuati. Anaitafuta iko wapi: tumboni? shingoni? Akiiona, anaitazama kama unavyomtazama mtu anayepita barabarani. Mpaka ipite. Halafu anaingia. Kesho inakuja tena, anaitazama tena."

"Mimi siogopi handaki, Fundi."

"Najua unachoogopa. Ingia majini nikuone."

Senkondo akaingia, akashika kizibo. Shingo ikaanza kuvuta.

"Hapo hapo!" akasema Kiondo. "Usigeuke, na usijilazimishe kutogeuka. Iko wapi?"

"Shingoni. Na... hapa, chini ya kifua."

"Sawa. Tazama maji kiunoni pako. Nani anayatikisa?"

Senkondo akatazama. Viduara vilikuwa vikitoka kwake, kimoja baada ya kingine, vikienda mpaka ukingoni. Upepo haukuwapo. "Mimi," akasema.

"Basi usiyatulize. Utayatulizaje kwa mkono bila kuyatikisa? Ngoja tu. Yakitulia yenyewe, fanya kazi yako."

Akangoja. Akageuka mara mbili. Akangoja tena. Kiondo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikaa kimya muda wa kunoa mapanga mawili.

Kuanzia hapo, kila alfajiri, Senkondo aliingia na kungoja. Mara kumi na nne zikawa nane. Nane zikawa tano. Siku moja zikarudi kuwa tisa. Kisha nne. Huzuni haikupungua hata kidogo. Kilichopungua ni kutikisika.

Siku ya mwisho kabla ya mwezi mpya, wazee wa kikao walikuja kushuhudia. Senkondo alivua shati, akaingia majini, akashika kizibo. Hofu ikaja, akaiona shingoni. Viduara vikaenda, vikapungua, vikaisha. Alipong'oa kizibo, Nakiete akaita, "Mbazi! Mbazi wa chini! Maji—"

Sauti ikakatika.

Sasa hofu haikuwa tena shingoni. Ilikuwa mwili mzima. Mguu wake mmoja ulikwisha kunyanyuka. Senkondo akautazama woga wote, ulivyokuwa mkubwa, na akaurudisha mguu chini. Akahesabu. Wazee wanasema alihesabu kwa sauti, na kwamba machozi yalikuwa yakimdondoka kila tarakimu. Thelathini. Sitini. Mia. Maji yakashika njia. Ndipo alipogeuka.

Nakiete alikuwa amesimama, khanga kinywani, analia.

"Sikufanya makusudi, shemeji," akasema. "Nilifika palepale alipofika dada, sauti ikagoma."

Siku ile maji yalifika kwa Mbazi jua halijachomoza.

Jioni hiyo watatu wakaketi uani kwa Senkondo, na kibuyu katikati. Kugawana hakukuwezekana. Mbegu zile zilitosha shamba moja. Zikitiwa mafungu matatu, kila mmoja angepata za kupika chungu kimoja.

Kiondo ndiye aliyeanza. "Mtu alikuwa na wa kumngojea na wa kumtazama. Hakuwa na la kufanya. Mimi nilimpa la kufanya. Bila mimi, mngekuwa mnamtazama mpaka leo."

"Ulimpa maneno ya Shu," akasema Nakiete. "Umeyabeba kutoka huko kama unavyobeba jiwe. Kwako ilikuwa alasiri moja, ukaenda kwa mteja mwingine. Mimi nilisimama pale alipoangukia dada yangu, kila alfajiri. Mama alikufa kwa moyo. Dada alikufa kwa moyo. Na mimi nina moyo wa tumbo lile lile. Mnadhani sikuwa naogopa?"

Kiondo akainamisha kichwa, lakini kwa muda mfupi. "Pole, dada. Ila ukweli ni ukweli. Ulimkuta kumi na moja, ukampandisha mpaka kumi na nne."

"Na siku ya mwisho sauti ilipokatika, kama angekuwa hajazoea kunisikia, angekimbia!"

Wakamgeukia Mbazi. "Na wewe unadai nini? Hukufanya kitu."

"Hiyo ndiyo hoja yangu," akasema Mbazi. "Sikufanya kitu. Neno moja kutoka kinywani mwangu lingemtoa majini siku ile ile, na ninyi wawili msingekuwa na mtu wa kumsaidia. Maharage yangu waliyala mbuzi. Nakiete alihatarisha, sawa. Fundi alifundisha, sawa. Aliyelipa ni mimi."

"Kukaa kimya ni kazi?" akasema Kiondo. "Basi ng'ombe wangu ni wakili."

Hata Senkondo alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu matanga. Mbazi akacheka pia, kisha akasema polepole, "Au ubaki nacho, ndugu yangu. Mkono ulikuwa wako. Aliyeng'oa ni wewe."

Senkondo akakipapasa kibuyu, pale nta ilipokuwa na alama ya kidole gumba cha Nambua.

"Nikibaki nacho," akasema, "nitakuwa nimeshika kizibo kingine. Nipeni mpaka asubuhi."

Asubuhi alilichukua shati, akatazama mishono, akaligeuza, akalivaa sawasawa. Akachukua kibuyu, akapanda nacho mpaka kwenye ndiva, akakiweka kwenye nyasi. Alipong'oa kizibo, aligeuka mara moja tu, baada ya mia, kumpungia Nakiete mkono. Nakiete akamaliza kuita, akashuka zake shambani. Senkondo akachukua kibuyu, akayafuata maji.

Aliyafuata hadi pale mfereji unapogawanyika njia tatu. Kushoto ni kwa Nakiete. Kulia, kando ya barabara, ni kwa Kiondo. Katikati, moja kwa moja mpaka chini, ni kwa Mbazi. Hapo akasimama. Hofu ya kukosea ikaja, akaitafuta, akaiona, akangoja. Kisha akapitisha ukucha kwenye nta, pale penye alama ya kidole, akaibandua. Mbegu zilikuwa nzima.

Akashika njia moja, akaenda bila kugeuka nyuma.

Sasa nanyi mmesimama pale pale maji yanapogawanyika. Nijibuni, wala msiniambie kwamba ni wote: je, nani alistahili?