Kengele ya Chai ya Bwana Mbaruku

Kaeni niwaambie ya Sikudhani, mwoka mikate wa Bwana Mbaruku. Siku moja aliungua mkono akitoa mikate tanurini, akamwomba tajiri amlipie matibabu kama ilivyokuwa desturi.

"Kanuni zimebadilika," akasema Mbaruku. "Wewe umeungua saa ya chai. Saa ya chai si kazi, jilipie mwenyewe."

"Haya, baba. Basi kengele ya chai uwe unaigonga wewe, tusije tukakuibia muda."

Mbaruku akafurahi. Kesho yake akaigonga kwa nguvu. Waokaji wote wakaketi na vikombe vyao, huku tanuri limejaa mikate. Mara moshi ukatanda.

"Sikudhani! Mikate inaungua!"

"Saa ya chai si kazi, tajiri. Karibu kikombe."

"Itoeni! Matibabu nitalipa!"

"Na ile kanuni?"

"Kanuni gani tena, mama yangu? Inuka!"