Vitumbua vya Kwanza

Paliishi mwenye nyumba mmoja, Bwana Kombo, ambaye tumbo lake lilibisha hodi kabla yake. Kila asubuhi alijikaribisha kwa mpangaji wake Mwantumu, akafagia sahani nzima ya vitumbua, na watoto wakaenda shule na chai tupu tumboni.

Siku moja Mwantumu akamwambia mbele ya majirani, "Bwana, unanitia aibu. Mtu mkubwa kama wewe unakulaje sahani ya watoto?"

Bwana Kombo akavimba kichwa. "Kuanzia kesho nataka vya kwanza kutoka kwenye chuma cha kukaangia. Vinavyofuata sivigusi. Kombo hali makombo."

"Jirani zangu, mmemsikia?"

"Wamenisikia. Na nisipoletewa, utahama."

Kesho yake akaletewa vitatu, vimechanika, kando vimeungua, katikati vibichi.

"Mbona viko hivi?"

"Vya kwanza ndivyo vilivyo, bwana. Vizima hutoka baadaye, wakala watu wadogo."

Bwana Kombo akatafuna, shingo juu.

Jikoni watoto walikuwa wameshiba. Mama mkwe wa Mwantumu akauliza, "Mwanangu, vile vya kwanza vya kuonjea chuma, si huwa tunawatupia kuku?"

"Tulikuwa tunawatupia, mama. Sasa tuna mwenye nyumba."